Kazi ya kanzidata ikihamia nje, msimamizi wake atabaki na nini?

Benki, kampuni za simu na mashirika ya umma yanazidi kukabidhi kanzidata zao kwa kampuni za nje, na watu wanaozisimamia wanajiuliza kama bado wana kazi. Katika makala hii tunaeleza ni sehemu gani ya kazi hiyo inayoondoka, ipi haiondoki, na nini mtu aliye katika fani hii anaweza kufanya kabla barua haijafika mezani kwake.

Tuchukue mfano wa benki ndogo yenye makao yake Mwanza. Ni siku ambayo mishahara ya walimu na wauguzi inaingia. Saa 2 asubuhi foleni kwenye mashine za kutolea fedha zimeshakuwa ndefu, na maelfu ya watu wanaangalia salio kwenye simu zao. Hakuna hata mmoja kati yao anayejua kwamba nyuma ya salio hilo kuna mtu anayeitwa msimamizi wa kanzidata, ambaye usiku uliopita hakulala vizuri kwa sababu alikuwa akihakikisha mashine zitahimili siku hii.

Kama mambo yanakwenda sawa, hata mkurugenzi wa benki hamkumbuki mtu huyu. Na hapo ndipo matatizo yake yanapoanzia. Siku kampuni ya nje inapoleta pendekezo la kufanya kazi hiyo kwa bei nafuu, swali la kwanza la mkurugenzi huwa: "Hivi huyu bwana hufanya nini hasa?" Asipopata jibu la wazi, jibu litaandikwa na kampuni inayotaka zabuni.

Daftari la zama zetu

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kanzidata, ambayo wengine huiita hifadhidata, ndiyo daftari la leo. Ndani yake kuna akaunti za benki, rekodi za wagonjwa, namba za vitambulisho, bili za maji na matokeo ya mitihani.

Mtindo wa kanzidata unaotumika zaidi ulielezwa mwaka 1970 na Edgar F. Codd, mtafiti wa kampuni ya IBM huko California. Wazo lake lilikuwa kuzipanga data katika majedwali yanayohusiana, ili mtu aweze kuuliza swali bila kulazimika kujua data hiyo imekaa wapi ndani ya mashine. Mwaka 1979 kampuni ambayo leo inaitwa Oracle ilianza kuuza programu iliyotumia wazo hilo. Tangu hapo kila taasisi kubwa imehitaji mtu wa kulitunza daftari hilo.

Kazi za mtu huyu ni nyingi, lakini zinaweza kuwekwa katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni kazi za mikono: kufunga programu kwenye seva, kuweka marekebisho ya usalama, kuchukua nakala rudufu kila usiku, kuongeza nafasi diski inapojaa. Fungu la pili ni kazi za uamuzi: majedwali yapangwe vipi, nani aruhusiwe kuona nini, kwa nini ripoti fulani inachukua saa 4 badala ya dakika 4, na ikitokea ajali, turudi kwenye nakala ipi.

Tuyakumbuke mafungu haya mawili, kwa sababu makala yote inayafuata.

Kazi ilianzaje kuhama?

Mwaka 1989 kampuni ya kamera na filamu ya Kodak nchini Marekani ilikabidhi vituo vyake vya kompyuta kwa IBM. Makampuni makubwa yalikuwa yamekodisha huduma za kompyuta hata kabla ya hapo, lakini uamuzi wa kampuni yenye jina kama Kodak uliwafanya wakurugenzi wengi wajiulize kwa nini wao bado wanaajiri watu wa kompyuta.

Miaka ya 1990 ilipokaribia kwisha, ulimwengu uliingiwa na hofu ya mwaka 2000. Programu nyingi za zamani ziliandika mwaka kwa tarakimu mbili tu, na ilihofiwa zingechanganya 2000 na 1900. Mamilioni ya mistari ya programu ilihitaji kukaguliwa, na kampuni za India zilikuwa na wahandisi wengi wanaozungumza Kiingereza na mishahara iliyo chini sana ya ile ya Marekani na Ulaya. Hofu ilipopita, uhusiano ulibaki, na baada ya ukaguzi wa programu zikafuata kazi za kila siku, zikiwemo za kanzidata.

Afrika Mashariki haikubaki nyuma. Mwaka 2010 kampuni ya India ya Bharti Airtel ilinunua mitandao ya simu ya Zain barani Afrika. Mwezi Septemba mwaka huohuo ilitangaza mkataba wa miaka 10 na IBM wa kuendesha teknolojia yake ya kompyuta katika nchi 16 za Afrika, ambamo zimo Kenya, Tanzania, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kampuni ya India ilinunua mitandao ya Afrika na kuikabidhi kampuni ya Marekani mifumo ya kompyuta. Aliyekuwa akisimamia kanzidata Nairobi au Dar es Salaam alijikuta ndani ya mpango uliopangwa mbali sana na ofisi yake.

Wakati huohuo kulikuwa na badiliko jingine. Mwaka 2009 kampuni ya Amazon ilianzisha huduma ya kukodisha kanzidata kupitia intaneti. Mteja halazimiki kununua seva wala kufunga programu. Anabonyeza vitufe vichache, na baada ya muda mfupi kanzidata iko tayari, pamoja na nakala rudufu za kila siku. Huduma za aina hii huitwa huduma za wingu, ingawa kwa kweli si wingu. Ni kompyuta za mtu mwingine zilizo katika jengo la mtu mwingine. Microsoft ilifungua vituo vyake Afrika Kusini mwaka 2019, Amazon ikafuata Cape Town mwaka 2020. Mwaka 2018 Oracle nayo ilianza kuuza kanzidata iliyonadiwa kuwa inajiendesha yenyewe.

Kwa hiyo msimamizi wa leo anashindana na wawili: mtu wa mbali anayelipwa kidogo kuliko yeye, na mashine isiyolala.

Yanayoondoka na yanayobaki

Tuseme ukweli bila kumung'unya maneno. Fungu la kwanza, lile la kazi za mikono, linaondoka, na sehemu kubwa yake haitarudi. Mtu ambaye siku yake nzima ni kufunga programu, kubadilisha nywila zilizosahauliwa na kuangalia kama nakala ya usiku imekamilika, anafanya kazi ambayo huduma ya wingu inaifanya kwa sehemu ndogo ya mshahara wake. Kumwambia aongeze bidii katika kazi hiyohiyo ni kumdanganya.

Fungu la pili ni jambo tofauti. Huduma ya wingu inajua diski imejaa kiasi gani. Haijui kwamba katika benki yetu ya Mwanza safu inayoitwa "hali" katika jedwali la mikopo ina herufi K yenye maana ya "kimalizwa" kwa mikopo ya zamani na "kimekataliwa" kwa mikopo mipya, kwa sababu mfumo ulibadilishwa miaka kadhaa iliyopita na hakuna aliyerekebisha rekodi za nyuma. Anayejua hayo ni mtu mmoja au wawili. Siku hesabu za mikopo zitakapotolewa bila kuwauliza, benki itaandika barua za madai kwa watu waliokwisha kulipa.

Hali ni hiyohiyo kwa kasi ya mfumo. Kanzidata hutumia faharasa kama ile ya mwisho wa kitabu. Ikiwa neno unalolitafuta limo kwenye faharasa, unafungua ukurasa mmoja. Kama halimo, unasoma kitabu kizima. Jedwali lenye rekodi milioni 50 likisomwa lote kila mteja anapouliza salio, mfumo unakwama. Zamani ukwamaji huo ulileta malalamiko tu. Katika huduma za wingu, ambako malipo hufuata ukubwa wa mashine na kiasi cha kazi, unaleta pia bili. Watu wengi hutatua tatizo kwa kukodi mashine kubwa zaidi, na kila mwezi gharama inapanda. Anayeweza kulisoma swali lile bovu, akaongeza faharasa moja na kurudisha mashine ndogo, ameokoa fedha zinazohesabika. Hapo kuna nafasi ambayo wengi hawajaiona: wingu limeipa kazi ya msimamizi bei inayoonekana kwenye karatasi.

Mkataba hauhamishi lawama

Sababu kubwa ya mtu wa ndani kubaki inatokana na jambo ambalo wakurugenzi wengi hulijua baada ya kuumia. Kazi inaweza kukabidhiwa kwa mwingine, lakini dhamana hubaki kwa mwenye mali.

Mwezi Aprili 2018 benki ya TSB ya Uingereza ilihamisha data za wateja wake kwenye mfumo mpya. Kazi hiyo iliendeshwa na kampuni dada ndani ya kundi la Sabadell la Hispania, linaloimiliki TSB wakati huo. Data zenyewe zilihama, lakini mfumo mpya haukuhimili. Wateja walishindwa kuingia kwenye akaunti zao, matawi yote yaliathirika, na hali haikutengemaa kikamilifu hadi Desemba mwaka huo. Mwaka 2022 wadhibiti wa Uingereza waliitoza benki faini ya pauni milioni 48.65. Mwaka uliofuata aliyekuwa mkuu wa teknolojia wa benki alitozwa yeye binafsi faini ya zaidi ya pauni 81,000, kwa kutochukua hatua za kutosha kuhakikisha kwamba kampuni iliyokabidhiwa kazi inasimamiwa ipasavyo. Utetezi kwamba kazi ilikuwa ya kampuni nyingine haukumwokoa.

Sweden ilipata somo lake kwa njia nyingine. Mwaka 2015 mamlaka ya usafiri ya nchi hiyo, inayotunza kumbukumbu za magari na leseni za udereva, iliikabidhi IBM uendeshaji wa mifumo yake. Ili kazi isichelewe, mkuu wa mamlaka aliruhusu baadhi ya masharti ya kisheria ya usalama yarukwe, na mafundi waliokuwa nje ya Sweden, ambao hawakuwa wamepekuliwa na vyombo vya usalama, wakapata uwezo wa kuzifikia data nyeti. Mkuu huyo aliondolewa Januari 2017 na kutozwa faini ya krona 70,000. Mwezi Julai habari zilipofika kwa wananchi, mawaziri wawili waliachia nafasi zao. Mgogoro huo wote ulitokana na swali ambalo msimamizi wa kanzidata huuliza kila siku: nani ana ruhusa ya kuona nini?

Na wale wanaodhani kampuni kubwa haikosei wakumbuke Mei 2024. Mfuko wa pensheni wa UniSuper wa Australia, wenye wanachama zaidi ya nusu milioni, ulikuwa umeweka mifumo yake kwenye huduma ya wingu ya Google, tena katika maeneo mawili ili moja likiharibika lingine libaki. Kosa la mipangilio lililofanyika upande wa Google wakati huduma hiyo ilipoandaliwa lilisababisha ifutwe kote kuwili kwa pamoja. Kwa zaidi ya wiki moja wanachama hawakuweza kuona akaunti zao. Kilichouokoa mfuko huo ni kwamba ulikuwa na nakala nyingine kwa mtoa huduma mwingine kabisa. Ndani ya shirika kuna aliyeamua kwamba nakala zote zisikae kwa mtu mmoja, na uamuzi wake ulilinda akiba za uzeeni za watu hao wote.

Kwa nchi zetu kuna hatari nyingine ya ziada. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilikatika baharini upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko. Taasisi ambayo daftari lake lote liko ng'ambo, siku kama hiyo inakuwa na mali isiyoweza kuifikia. Anayestahili kuuliza "na waya ukikatika?" kabla mkataba haujasainiwa ni msimamizi wa kanzidata.

Sheria nazo zimebadilika. Kenya na Uganda zilipitisha sheria za kulinda data binafsi mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023. Sheria hizi zinatofautisha taasisi inayokusanya taarifa za watu na kampuni inayozichakata kwa niaba yake, na zinaweka masharti kuhusu kupeleka taarifa hizo nje ya nchi. Taasisi inamhitaji mtu anayeweza kumwonyesha mkaguzi ni jedwali lipi lina taarifa za afya, limekaa nchi gani na nani alilifungua jana.

Nini cha kufanya kabla barua haijafika

Kutokana na mifano hii tunaweza kutoa ushauri ulio wazi kwa walio kazini sasa.

Kwanza, jaribu kurejesha nakala zako. Wengi huchukua nakala kila usiku na hawajawahi kujaribu kuzirudisha. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa kampuni ya GitLab, akiwa amechoka usiku, alifuta data kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye seva ya pili. Alisimamisha amri baada ya sekunde chache, lakini kati ya takriban gigabaiti 300 zilikuwa zimebaki 4.5 tu. Kampuni ilipokimbilia nakala zake ilikuta njia zote 5 ilizozitegemea ama hazifanyi kazi au hazikuwahi kuwekwa sawasawa. Iliokolewa na nakala iliyochukuliwa saa 6 kabla kwa shughuli nyingine, na data zilizoingia baada ya hapo zikapotea. Msimamizi anayefanya zoezi la kurejesha data kila miezi 3, na kuandika lilichukua dakika ngapi, ana kitu cha kumwonyesha mkurugenzi ambacho kampuni ya nje haina.

Pili, ifahamu biashara. Kaa na wahasibu wakati wa kufunga mwezi. Uliza kwa nini ripoti ile hutakiwa Jumatatu. Andika maana ya kila jedwali na kila safu kwa Kiswahili au Kiingereza chepesi. Ukiwa mtu pekee anayeelewa data na shughuli inayozizalisha, hutaitwa tena fundi. Utaitwa kwenye vikao.

Tatu, jifunze upande wa pili. Msimamizi anayelikataa wingu kwa sababu tu limemnyima seva zake anafanana na karani aliyeikataa kompyuta. Programu ya kanzidata ya PostgreSQL ni ya bure na inatumika kwenye huduma kubwa zote za wingu. Mtu anaweza kujifunza kwenye kompyuta yake nyumbani bila kulipa leseni. Aongeze ujuzi wa kuhamisha data kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine, kwa sababu kila mkataba mpya huanza na uhamisho na kila mkataba unaokwisha huishia na uhamisho.

Nne, uwe msomaji wa mikataba. Kampuni ya nje ikija, usisubiri uitwe; peleka maswali yako kwa maandishi. Ikitokea ajali, tunaweza kupoteza data za muda gani, na tutarudi kazini baada ya saa ngapi? Nani ana nywila ya juu kabisa? Nakala ziko nchi gani? Saa 9 usiku tukipiga simu, nani anapokea? Na mkataba ukiisha, tutarudishiwa data zetu kwa mfumo gani na kwa gharama ya nani? Anayeuliza maswali haya ndiye mara nyingi hupewa jukumu la kuisimamia kampuni hiyo.

Tano, ifanye kazi yako ionekane. Kila mwezi andika ukurasa mmoja kwa lugha ya mkurugenzi: mfumo ulisimama dakika ngapi, ripoti ya mikopo imepungua kutoka saa 4 hadi dakika 10, bili imeshuka kwa kiasi gani, majaribio mangapi ya kuingia bila ruhusa yamezuiwa. Hii si kujisifu, ni kutoa hesabu.

Kuficha si kinga

Kuna njia moja ambayo baadhi hujaribu na ambayo tunaionya: kuficha. Mtu haandiki chochote, hamfundishi mdogo wake kazini, na nywila anazo yeye peke yake, akiamini hawataweza kumwondoa. Mwaka 2008 msimamizi wa mtandao wa kompyuta wa jiji la San Francisco alikataa kuwapa wakubwa wake nywila za mtandao aliokuwa akiuendesha. Alikamatwa, na mwishowe alizitoa akiwa rumande, kwa meya mwenyewe. Mwaka 2010 alihukumiwa kifungo cha miaka 4. Hata pale ambapo hakuna polisi, mkurugenzi akigundua kwamba taasisi nzima imeshikwa na mtu mmoja, sababu ya kwanza ya kuitafuta kampuni ya nje ameshaipata.

Hata hivyo tunaelewa hofu inayowafanya watu wafiche. Mwaka 2015 gazeti la New York Times liliandika kuhusu wafanyakazi wapatao 250 wa kompyuta wa kampuni ya Disney huko Florida, ambao waliambiwa kazi zao zinakwisha, na wengi wao wakatakiwa kutumia miezi ya mwisho kuwafundisha watu waliokuja kuzichukua. Kumfundisha anayekuja kukalia kiti chako ni jambo linaloumiza, na ushauri wa kitaalamu haupunguzi maumivu hayo.

Barua ikifika

Wapo watakaofanya yote haya na bado wapunguzwe. Hapo ni vizuri mtu ajue haki zake kabla hajasaini karatasi yoyote.

Nchini Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 40, inamtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi kutoa taarifa ya angalau mwezi mmoja, kwa chama cha wafanyakazi au kwa mfanyakazi asiye mwanachama, na kwa afisa wa kazi. Anapaswa pia kulipa kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka kamili wa utumishi. Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri kutoa taarifa na kushauriana kabla ya kupunguza, ikiwemo kueleza sababu na namna ya kuchagua watakaoondoka. Kiinua mgongo cha chini ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka kamili, hadi miaka 10, kwa aliyefanya kazi angalau miezi 12 mfululizo.

Neno mashauriano ni muhimu. Ni nafasi ya kuuliza kama kuna kazi nyingine ndani, kama kampuni mpya itawachukua watu, na kwa masharti gani. Ukiambiwa utahamishiwa kwa mkandarasi, uliza kwa maandishi kama miaka yako ya utumishi itahesabiwa au utaanza upya kama mgeni. Tofauti ya majibu hayo mawili inaweza kuwa ada ya shule ya watoto kwa miaka kadhaa.

Kazi huenda, kazi hurudi

Mwisho, tusisahau kwamba safari hii si ya upande mmoja. Huduma ya M-Pesa ilipoanza Kenya mwezi Machi 2007, iliendeshwa kwenye seva zilizokuwa ng'ambo, na kwa miaka mingi muamala wa mama wa sokoni Kisumu ulipitia Ujerumani. Mwaka 2015 Safaricom ilihamishia mfumo huo kwenye jukwaa jipya lililo ndani ya Kenya. Kazi iliyokuwa mbali ilirudi nyumbani, na ilihitaji watu wa nyumbani wenye uwezo wa kuipokea.

Pia kampuni zinazokabidhiwa kazi nazo huajiri. Mtu aliyesimamia kanzidata za benki kwa miaka 15, anayejua jinsi mishahara inavyoingia na wadhibiti wanavyokagua, ana thamani upande wa pili wa mkataba vilevile. Wengine huamua kuzihudumia taasisi kadhaa ndogo kwa wakati mmoja, kama vyama vya akiba na mikopo, hospitali za binafsi na shule, ambazo hazimudu kuajiri msimamizi wa kudumu lakini daftari lao nalo linahitaji mtunzaji.

Turudi kwenye ile benki yetu ya Mwanza. Huenda seva zitahama, na huenda anayechukua nakala za usiku atakuwa mtu wa Bangalore au mashine ya Cape Town. Lakini siku ya mishahara ikikwama, walimu na wauguzi hawatakwenda Bangalore kuuliza. Watakuja kwenye mlango wa benki. Ndani lazima awepo mtu anayejua nini kimeharibika, nani apigiwe simu na data ipi iaminiwe. Kwa msimamizi wa leo, kazi ya kuanza nayo wiki hii ni kuhakikisha kwamba mtu huyo ni yeye, na kwamba mkurugenzi anajua hivyo.